Swali la Saba kwenye Fomu ya Uwanja

Fomu ya mairie, ofisi ya meya, ya kuombea msaada wa kutengeneza uwanja ilikuwa na maswali kumi na mawili, na katika yote hayo Germaine alidanganya kwenye moja tu. La saba.

Yale mengine aliyajibu kwa ukweli wa mtu anayemwogopa Mungu. Urefu wa uwanja, upana, idadi ya wasichana anaowafundisha basketi pale kila Jumamosi, hali ya sakafu (mbovu), hali ya vikapu (kimoja kimebaki, cha pili kilikatwa na wauza vyuma chakavu). Swali la saba liliuliza: je, uwanja unatumiwa kwa kazi nyingine isiyo michezo? Germaine alilikodolea macho, akatia alama kwenye hapana. Alama nzito, ya mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea kusahihisha wengine.

Hakuna mtu wa kambi ile ya Panda ambaye asingecheka kuisoma. Nyumba za kambi, zilizojengwa na kampuni ya shaba zamani za mababu, zina vyumba viwiliviwili na zimegeuziana migongo. Kati ya safu na safu kuna kichochoro ambamo ukikutana na mtu mwenye beseni kichwani, mmoja wenu lazima arudi alikotoka. Ua hakuna. Kwa hiyo mtu wa kambi akifa, analiliwa uwanjani. Turubai linafungwa kwenye nguzo ya kikapu, wanawake wanatandika mikeka, wanaume wanawasha magogo, na siku ya mazishi marehemu analetwa kutoka mochwari na kulazwa kwenye duara la katikati ili watu wapite kumuaga. Imekuwa hivyo tangu Germaine apate akili. Baba yake mwenyewe alilazwa pale.

Lakini aliogopa. Mwaka uliopita mtaa mwingine uliomba msaada huohuo wa viwanja vya vijana, ukanyimwa, na ikasemwa ni kwa sababu ya wauza mboga waliokuwa wakiketi mle ndani. Ikasemwa na nani? Na watu. Likasi nzima ina msemaji mmoja, jina lake Watu, na Germaine, pamoja na elimu yake yote, alimwamini.

Na kulikuwa na Kazadi. Alizaliwa safu ya tatu ya kambi hiyohiyo, akatoka akiwa kijana kwenda kuchimba mawe ya shaba, akarudi mnunuzi wa mawe, na gari, na tumbo. Yeye naye aliiandikia mairie: uwanja ule umetupwa miaka mingi, apewe aweke ghala lake. Mairie haikutaka kuhangaika mara mbili. Ikajibu wote kwa barua moja kwamba mjumbe wake atafika Jumamosi saa nne asubuhi. Akikuta uwanja unatumika kama ilivyoandikwa, ombi la Germaine litaendelea. Akikuta umetupwa, Kazadi atapewa.

Alhamisi Tata Hilaire akafa.

Mzee huyu, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda, ndiye aliyeuchora uwanja ule kwa chokaa miaka thelathini bila kuombwa na mtu. Mstari ukifutwa na mvua, kesho yake utamkuta ameinama na kopo lake. Mjane wake, Rosalie, ndiye aliyemfundisha Germaine kusuka nywele, na Germaine alimwita yaya, dada mkubwa, ingawa hawakuzaliwa nyumba moja. Jioni ya Alhamisi turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye nguzo ya kikapu.

Germaine hakulala vizuri. Ijumaa alipiga moyo konde, akaenda akapiga magoti kwenye mkeka wa Rosalie.

“Yaya, minye niko na neno, lakini haya inanishika.”

“Sema, mudogo wangu. Kifo ilishakuya. Ni haya gani ingine?”

“Kesho dix heures muntu wa mairie anakuya kuona terrain. Inapashwa kuwa ya michezo tu. Kama anakuta kilio, anatutosha ku liste, anatufuta, na Kazadi anaikamata.”

Wanawake waliokuwa karibu nao wakasogea wasikie.

“Unataka tumupeleke wapi?”

“Ku nyumba, yaya. Kesho tu, mpaka ule muntu aende.”

“Kesho njo siku ya kumuzika.”

“Ndiyo, yaya.”

“Ile terrain ilikuwa bibi yake ya kwanza,” Rosalie akasema, na karibu acheke. “Minye nilikuwa wa pili. Kama ni sheria ya mairie, yeye mwenyewe angeitika. Mutoshe bâche.”

Germaine alishukuru, akashukuru tena, na jioni ile turubai likafunguliwa. Hakumwambia habari ya swali la saba. Alimwacha mjane aamini kwamba ni sheria, akarudi nyumbani akijisemea kwamba siku moja si kitu, na kwamba anafanya haya kwa ajili ya watoto. Mtu akianza kujisemea hivyo, basi.

Jumamosi kulikucha mawingu mazito. Uwanja ulikuwa mweupe, umefagiwa, hauna hata jivu. Germaine akatuma wasichana waitwe waje na jezi zao. Akaja Glodie peke yake, kepteni, amefunga kitenge kiunoni.

“Wenzako beko wapi?”

“Coach, na kilio ya Tata Hilaire iko mu quartier? Nani atacheza?”

Germaine akahisi maji yamemfika shingoni. Alikuwa ameliondoa turubai kana kwamba msiba unaondoka nalo. Mtaa ukiwa na mfu asiyezikwa, mpira haudundwi. Hata watoto wa miaka minne wanajua. Yeye mwalimu wao alisahau, kwa sababu siku tatu hizi kichwa chake kilijaa fomu.

Saa tatu gari la mochwari likafika. Wanaume sita wakalibeba jeneza hadi kwenye kichochoro, wakaingia nalo, na kwenye kona ya nyumba ya Rosalie likakwama. Wakajaribu kushoto, wakajaribu kulia. Mwishowe wakalisimamisha wima, kama kabati linalohamishwa, wakalizungusha hivyo. Ndani kitu kikagonga mbao. Rosalie aliweka kiganja ukutani akasema, “Polepole, polepole,” kama anayemwambia mtu anayesikia.

Germaine aliona na kusikia yote akiwa mwisho wa kichochoro. Aliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Lakini saa nne ilikuwa inakaribia, akageuka akaenda uwanjani.

Mjumbe wa mairie aliitwa Monsieur Magloire, mtu mwembamba mwenye tai, buti za mvua na mwavuli uliokunjwa. Kazadi alikuwa ameshafika, ameegemea gari lake.

“Monsieur, si nilikuambia?” Kazadi alinyoosha mkono akauzungusha uwanja mzima. “Samedi, siku ya sport, hata mutoto mumoja hakuna. Ni terrain ya bure.”

Magloire alifungua faili. “Madame, hapa uliandika batoto makumi ine banacheza kila samedi. Beko wapi?”

“Leo kuko kilio, Monsieur. Habawezi kucheza.”

“Kilio wapi? Minye sione kilio.”

“Kule. Mu ruelle.”

Magloire alikitazama kichochoro, watu wamesongamana mpaka nje, wengine wamesimama kwenye mfereji wa maji machafu. Kisha akautazama uwanja. Hakuwa mtu mbaya, na swali lake hakuliuliza kwa ubaya.

“Bantu banalilia mu mufereji, na hii nafasi yote iko wazi? Juu ya nini?”

Germaine alilitazama faili. Angesema nini? Swali la saba lilikuwa mle ndani ya faili, na alama yake nzito. Magloire akatoa kalamu. Germaine aliona neno analoliandika, herufi kwa herufi: inoccupé, yaani hautumiki.

“Monsieur, niongezee dakika kumi.”

“Niko na terrain ingine ku Kikula. Tano.”

Alikimbia. Mvua ilianza kudondoka alipoingia kichochoroni, akapenya katikati ya mabega ya watu bila kuomba radhi, hadi mlangoni pa Rosalie. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili, nusu ndani nusu nje, kwa kuwa chumba hakikulitosha. Germaine akapiga magoti kwenye tope.

“Yaya, nakuomba. Turudishe Tata Hilaire ku terrain.”

Rosalie alilaza mkono juu ya jeneza.

“Jana ulisema atoke. Leo unasema arudi. Hilaire njo mupira, Germaine? Munamupitishana?”

Hakuna aliyecheka. Matone yalianza kupiga mabati.

“Yaya, ile haikuwa sheria ya mairie. Baliuliza tu kama terrain iko na kazi ingine. Minye niliandika hapana. Nilikuwa na woga, nikaandika bongo, neno isiyo kweli. Kisha nikakutosha weye na mufu wako juu ya bongo yangu.”

“Kwa hiyo haikuwa sheria.”

“Hapana.”

“Ilikuwa weye.”

“Ilikuwa minye.”

Rosalie aliupangusa mfuniko wa jeneza kwa ncha ya kitenge, mahali mvua ilipofika. “Enda uiseme vile kwa ule muntu. Kwa sauti, bote basikie. Minye nitaona.”

Nitaona, alisema. Hakuahidi. Germaine alirudi uwanjani bila kukimbia, maana sasa alichokuwa anakikimbilia kilikuwa kibaya kuliko alichokikimbia. Watu walimfuata kwa macho, wengine kwa miguu. Alisimama mbele ya Magloire, aliyekuwa amefungua mwavuli na kufunga faili.

“Monsieur, kwa swali ya saba nilisema bongo. Hii terrain iko na kazi ingine. Tunalilia bafu betu, bantu betu benye kufa, hapa. Leo ni minye nilibafukuza, juu ya weye usibaone.”

Kazadi alipiga makofi mawili. “Aya! Yeye mwenyewe amesema.”

“Fausse déclaration, ku fomu ulidanganya,” Magloire alisema polepole. “Madame, unajua ile inaua dossier, ombi yenu yote?”

“Najua.”

“Naweza kukuacha urekebishe, sababu sijatia bado signature. Lakini nitarekebisha na nini? Kwanza unaniambia michezo, hakuna michezo. Sasa unaniambia kilio, hakuna kilio. Minye naona saruji na mvua. Niandike nini?”

Dakika tano za Germaine zilikuwa zimeshapita. Alisimama tu, mvua ikimteremka shingoni. Magloire akaichomoa kalamu yake, akaitegemeza karatasi kwenye boneti ya gari la Kazadi, akatafuta mahali pa kutia sahihi.

Ndipo zikasikika sauti za wanawake, na wote wakageuka.

Jeneza lilikuwa linatoka kichochoroni. Safari hii halikusimamishwa: vijana walikuwa wamelinyanyua juu kabisa, juu ya kona, juu ya mabati ya nyumba zile fupi, mikono imenyooka, wengine wamepanda kwenye madirisha ya jirani kulipokea. Rosalie alikuwa mbele yake, miguu mitupu. Wakaja nalo hadi kwenye duara la katikati, ambalo mwenye jeneza alilichora mwenyewe mwezi uliopita, wakamlaza. Turubai likavutwa juu yao haraka, limekunjamana.

Magloire alikuja na faili lake akasimama pembeni ya duara, akafunga mwavuli ingawa mvua ilikuwa inampiga.

“Mama, pole sana. Ni kawaida yenu, hapa?”

Rosalie hakumjibu moja kwa moja. Alianza kutaja majina. Mama Mathilde. Baba yake Germaine. Steve, mtoto wa safu ya pili, aliyefukiwa mgodini. Alipopumzika, mwanamke mwingine alitaja wake, kisha mwanamume mmoja kutoka nyuma, kisha wengine, majina yakipishana, na Magloire aliyeanza kuandika akashindwa kuwafuata. Kisha Rosalie akainua mkono, wakanyamaza, akageukia gari.

“Kazadi. Mutoto wa safu ya tatu. Mama yako tulimulilia wapi?”

Kazadi aliangalia funguo zake.

“Nakuuliza. Siku tatu minye na Hilaire tulilala inje na weye. Wapi?”

“Hapa.”

“Huyu Monsieur hakusikia.”

“Hapa,” Kazadi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo zaidi. “Pale ku duara. Hapo mwenye iko Tata Hilaire.”

Magloire akamtazama kidogo, akarudi kwenye karatasi yake, akalikata lile neno inoccupé kwa mistari miwili. Kisha akampa Germaine fomu na kalamu. Germaine aliikata hapana, akatia alama kwenye ndiyo, na pale penye nafasi ya maelezo akaandika: tunawalilia watu wetu, na siku hizo hatuchezi. Akatia sahihi. Magloire akatia yake chini, akaiweka fomu ndani ya faili na faili ndani ya koti.

“Dossier inaendelea,” alisema. “Sikuahidi kitu. Lakini inaendelea.”

Kazadi alikuwa ameshaondoka, au pengine alikuwa amesimama tu mahali ambapo haonekani. Germaine hakumtafuta. Alimwendea Rosalie, aliyekuwa ameketi mkekani kichwani pa jeneza, akaanza kusema asante.

“Balimusimamisha wima, Germaine,” Rosalie alisema. “Nilisikia kichwa yake inagonga.”

“Nilisikia, yaya. Nisamehe.”

“Leo hapana.”

Germaine alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa. Hakujua aende wapi, kwenye mkeka hapakuwa na nafasi iliyotengwa kwa ajili yake.

“Usisimame bure,” Rosalie akasema bila kumtazama. “Kamata ile corner ya bâche. Maji inamulowesha.”

Germaine akaenda akaishika ncha ya turubai, akaiinua kwa mikono miwili. Aliishikilia hivyo, mikono ikimfa ganzi, mpaka padri alipofika.