Maziwa ya Chizuru

"Mama, umempa sumu mwanangu!"

Chizuru aliyasema hayo mbele ya wageni, siku ya sherehe ya kumwonjesha mtoto chakula, na hakuna aliyejua atazame wapi. Mama mkwe wake, Mama Fumie, alikuwa bado ameshika vijiti vya kulia. Alichofanya ni kile ambacho desturi inataka: alichovya ncha ya vijiti kwenye supu, akaigusisha midomoni mwa mjukuu wake Itsuki, akamwombea asikose chakula maisha yake yote. Supu yenyewe ilikuwa ya mwani wa kombu, na ingekuwa ya nini kingine? Nyumba ile ya mjini Tsuruga, Japani, iliishi kwa kombu. Masanori, mume wa Chizuru, alishinda kutwa akiulainisha mwani kwa siki na kuuparua kwa kisu mpaka utoke mwembamba kama karatasi, kazi aliyoirithi kwa baba yake.

Lakini mara tu baada ya tone lile, Itsuki alikunja shingo ghafla, mikono ikaruka juu, macho yakageuka. Akatulia. Kisha akarushwa tena, na tena, wageni wakitazama na samaki wa sherehe akipoa mezani.

Daktari wa mtaani alisema huenda ni tumbo, huenda si tumbo, akawapangia waende hospitali kubwa juma lililofuata. Juma zima! Hebu mwambie mama mzazi asubiri juma zima huku mwanawe anarushwa namna ile. Chizuru alikuwa mwalimu wa biolojia, na ubaya wa kujua jambo nusu ni kwamba ile nusu inatosha kabisa kukutia wazimu. Alijua kuwa ladha ya kombu inatokana na glutamati. Alijua pia, maana aliwafundisha wanafunzi kwa mdomo wake mwenyewe, kuwa seli za ubongo hutumia glutamati hiyo hiyo kuamshana. Ikizidi, zinaamshana zote kwa pamoja, kama darasa ambalo mwalimu ametoka, na mwili unashikwa na kifafa. Akaunganisha hili na lile. Simlaumu, ingawa ningependa kumshika mabega nimtikise.

Kombu ikatolewa jikoni. Ikafuata miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, ikafuata sosi ya soya, uyoga mkavu, hata nyanya, kila chenye glutamati. Mama Fumie akapigwa marufuku kwenye jiko lake mwenyewe. Masanori akaambiwa asimguse mtoto.

"Nimeoga mara mbili," alisema, amesimama mlangoni kama mgeni.

"Harufu bado ipo."

"Hiyo ni siki, Chizuru. Mimi nanuka siki tangu nizaliwe, na ulinipenda hivyo hivyo."

"Usinichekeshe. Kaa huko huko."

Akakaa huko huko, kwenye chumba chake cha kazi, na kisu hakikusikika siku ile.

Jikoni hakukubaki kitu chenye ladha, na Itsuki bado alirushwa. Ndipo Chizuru, akipekua simu yake kutafuta alichosahau, alipokuta habari nyingine. Maziwa ya mama yana glutamati tele. Hayapishani sana na supu ile ile aliyomtukania mama mkwe wake. Akaketi sakafuni na kulia. Kumbe sumu alikuwa nayo kifuani, na alikuwa akimnywesha mtoto usiku na mchana.

Alijifunga matiti kwa kitambaa, akakaza. Yalijaa, yakawa magumu kama mawe, maumivu yakampanda mpaka kwapani, na hakufungua. Alinunua maziwa ya kopo, akajaribu chupa ya kila aina. Itsuki aliisukuma kwa ulimi, akageuza uso kuitafuta blauzi ya mama yake. Akilambishwa kwa kijiko, nusu ilirudi kidevuni. Siku zikapita hivyo, na kitambaa kifuani kikaanza kulegea chenyewe.

"Mpe titi, mwanangu," Mama Fumie aliomba kutoka ukumbini, maana chumbani haruhusiwi. "Utosi wake umebonyea. Mwangalie."

"Wewe Mama, kuhusu kulisha, usiniambie kitu."

"Basi nitukane, lakini mpe."

Chizuru hakumpa. Alitaka kumpa kuliko alivyotaka kupumua, na hakumpa, akiamini huko ndiko kumpenda.

Asubuhi moja Itsuki alilia bila machozi. Masanori aliingia na mikono yake yote ya siki na vumbi la kombu, akamnyakua mtoto, akatoka naye mbio hadi garini. Safari hii hakuna aliyemzuia.

Hospitalini walimtundikia mtoto maji, wakambandika nyaya kichwani kupima ubongo. Daktari Nogami, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliuliza ameacha kunyonya tangu lini na kwa nini. Chizuru alieleza yote, kiualimu kabisa.

"Mwalimu, nusu ya kwanza umeifundisha vizuri," daktari alisema. "Glutamati inayoliwa inaishia tumboni. Ukuta wa utumbo unaitumia wenyewe kama kuni. Ile kidogo inayoponyoka ikaingia damuni, inakuta ubongo umefunga mlango. Ubongo unatengeneza ya kwake humo humo ndani."

"Kwa hiyo supu..."

"Haikumfanya kitu. Wala maziwa yako. Kifafa hiki kinaanzia ndani, na kingeanza tu, hata angeonjeshwa maji matupu. Dawa ipo, tunaanza leo. Kuhusu akili yake huko mbele, siwezi kukuahidi. Ila ubongo unaopigana hivi unahitaji chakula."

Mtoto alipopata nguvu kidogo kwa yale maji, Chizuru alifungua kitambaa pale pale kitandani. Matiti yalikuwa yamelegea, mepesi. Itsuki alilidaka titi kabla halijamfikia vizuri, akavuta kwa pupa. Akavuta. Akaliachia, akamtazama mama yake usoni, akalia, akalirudia. Hakukuwa na kitu.

Mama Fumie, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri ruhusa, hakuisubiri tena. Alipanda kitandani nyuma ya mkwewe, akamwegemeza kifuani pake, akampapasa mgongo kwa kiganja kizima.

"Mwache avute. Wakati mwingine yanarudi yakiitwa."

"Na yasiporudi?"

Mama Fumie alizidi kumpapasa mgongo.

"Mama, nisamehe."

"Hayo tutayasema akishiba," Mama Fumie alisema.

Chizuru akamhamishia titi la pili.