Buibui Gizani

“Weusi ni weusi, mtoto,” alisema Maingi bila kuinua macho kutoka kwenye projekta yake. “Hakuna jicho litakaloona tofauti.”

Ukutani, mahali pa mama yake rafiki yangu Rufaida, macho mawili tu yalikuwa yakielea. Likizo ile ya Agosti tulikuwa tumempiga filamu kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko kabla ya jua kuchomoza, akiwa ndani ya buibui lake, akichagua mbuzi mlangoni mwa zizi lenye giza. Filamu yenyewe ilikuwa yeye. Sasa Maingi, mwenye ukumbi wa sinema mtaani Baba Dogo, alikuwa ameipunguza faili ili mashine isikwame, na ngazi za rangi kati ya weusi na mwanga zikapungua nayo. Anga la alfajiri likawa na mistari kama blanketi la bweni. Mama wa watu akamezwa na mlango wa zizi.

“Kesho anakuja kujiona,” Rufaida alininong’oneza. “Ataona nini, Adongo? Meno?”

Hapo dhamiri yangu, kitu ambacho mwalimu mkuu hajawahi kukiona, iliniamuru kutenda uovu. Bweni lilikuwa limenifunza somo moja lisilo na mtihani: taa zikizimwa, matroni huja amevaa sweta nyeusi, na asiyeweza kumtofautisha na ukuta huamkia adhabu ya jembe.

Nilimwomba Maingi atangulize kipande kifupi nilichokitengeneza mwenyewe, kisichopunguzwa. Alikijaribu mchana, madirisha wazi. Aliona weusi mtupu.

“Hii ni nini?”

“Ni ya kutoa heshima, mzee.” Niliinamisha kichwa.

Kesho yake mapazia yalishuka, taa zikazimwa. Weusi. Mtu akakohoa. Macho yalipozoea giza, mwanamke mmoja nyuma akaanza kusoma herufi nilizozipandisha ngazi moja tu juu ya weusi: “Mzee… Maingi…”

Ukumbi mzima ukamalizia: “TUNAONA!”

Maingi hakucheka. Alinitafuta kwenye giza lile akanipata mara moja, jambo lililothibitisha hoja yangu.

“We Adongo! Lete hiyo yenu isiyopunguzwa. Ikikwama, utaimba.”

Ilikwama mara mbili. Niliimba wimbo wa shule, beti zote, na bado hakuna aliyetoka.

Kisha mama yake Rufaida akatokea ukutani, mlangoni mwa zizi: buibui jeusi, nyuma yake weusi mwingine, shavuni weusi wenye joto. Rufaida aliacha kutafuna kucha. Mama yake, aliyeketi kando yake, akasogea ukingoni mwa kiti, akatazama kwa makini.

“Na hilo tundu begani,” akasema, “mbona mlininyamazia?”