Mara ya Tano Kuchagua Mchanga

Hii ilikuwa mara ya tano tunakwenda dukani kwa Nyangumi kuchagua mchanga, na niseme ukweli wa Mungu, nilikuwa hoi. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Mimi nilikuwa nachoka tangu kwenye kumfunga mume wangu viatu vyake, vyangu bado.

Mume wangu alikuwa fundi saa. Miaka thelathini alikaa kibandani kwake na kioo cha kukuzia jichoni, anapangua vidude ambavyo mimi hata ukinimwagia mkononi sivioni. Kisha sukari ikampanda, akalazwa miezi miwili na siku tatu, na aliporudi nyumbani macho yalikuwa yamekwenda. Na sebuleni, lile tangi lake la samaki wa baharini, ambalo kila mgeni alikuwa akilisalimia kabla hajanisalimia mimi mwenye nyumba, lilikuwa kavu, maji nimekwisha kuyamwaga. Samaki walikufa, matumbawe yalikufa, hata konokono wake wa kusafisha vioo walikufa.

Aliuliza habari za tangi siku ile ile aliyorudi. Nikamwambia, maana ningeficha nini? Akasema, "Ule mchanga."

Mwezi mmoja kabla hajaugua alikuwa amebadilisha mchanga wa tangi. Aliununua kwa mtu asiyemjua, akaumwaga ndani bila kuupima. "Mimi huyu," akasema, "mimi ninayepima kila kitu. Nimewaua kwa mikono yangu mwenyewe." Wiki iliyofuata akagawa bisibisi zake zote, zile ndogo ndogo, akampa fundi wa kibanda cha jirani. Akapanda kitandani. Miezi mitano hiyo, jamani. Kumtoa kitandani kwenda kuoga ilikuwa ni vita.

Binti yetu ndiye aliyesema tumrudishie baba tangi lake. Nikamwona hana akili, maana mtu haoni, samaki wa nini? Lakini mwenyewe akakubali, ila kwa sharti moja: mchanga na mawe atachagua yeye kwa vidole vyake, na akishindwa tangi litolewe nyumbani na yeye aachwe alale. Mara nne tulikwenda, mara nne tukarudi mikono mitupu. Asubuhi hii ya tano, namfunga vifungo vya shati, akaniambia, "Mama, leo ndiyo mwisho. Nisipoupata leo, mpe tangi anayelitaka."

Namjua mtu wangu. Akipanda kile kitanda tena, simshushi.

Basi, tukafika. Duka lenyewe ni jembamba, limebanwa katikati ya fundi cherehani na mtengeneza baiskeli, sakafu mbichi mwaka mzima, matangi yananguruma kila upande. Mwenye duka tunamwita Nyangumi kwa sababu ni mwembamba, akigeuka upande humwoni. Watu wana kejeli.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," akasema Nyangumi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kutuona mara nne. "Leo nimewapangia mabeseni matatu hapa mezani. Huu laini, huu wa kati, huu wa chenga chenga."

Nikamkalisha mume wangu kwenye stuli, nikamshika mkono nikautia beseni la kwanza. Akauchota, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama anahesabu punje.

"Huu ni unga. Pampu ikiwaka utapeperuka tangi zima, unakwenda kuyafunika matumbawe. Hapana."

Beseni la tatu. "Huu nao mkubwa. Mabaki ya chakula yataingia katikati yaoze. Na samaki anayelala mchangani atachubuka. Hapana."

La kati akakaa nalo. Akatoa kichupa cha siki mfukoni, maana siki hiyo alikuwa anatembea nayo kama dawa ya pumu, akadondoshea matone kwenye mchanga kidogo kiganjani, akainamisha sikio. Mchanga wa matumbawe na makombe, ule unaofaa maji ya bahari, ukikutana na siki huchemka. Mimi naona povu, yeye anasikiliza. Kikatoka kile kisauti, fssss.

"Unachemka," nikasema, moyo ukianza kupanda.

"Unachemka," akasema. "Lakini si sana."

"Mzee, umechemka! Mimi nimeuona!"

"Si sana, Mama."

Nyangumi akaangalia dari. Tukaenda kwenye mawe. Hayo yalikuwa majini kwenye karai kubwa, maana Nyangumi anasema yana vijidudu ndani ambavyo ndivyo hula uchafu wa samaki, na yakikauka vinakufa. Mume wangu akavua saa, akakunja mikono, akaanza. Jiwe analipima uzito mkononi, ananiuliza ukubwa wake. Nasema kama kichwa cha mtoto mchanga. Anasema basi ni zito mno, halina vitundu ndani, hapana. La pili analinusa, hapana. La tatu anaingiza kidole kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, mpaka natamani kukaa chini pale pale kwenye maji. La tatu ni zuri, anasema, lakini halina pa kukalia. Litakaa juu ya mchanga, samaki wachimbe chini yake, siku moja liporomoke lipasue kioo.

"Si unaweka mawe kwanza juu ya kioo, mchanga baadaye?" nikasema. "Umenifundisha mwenyewe. Wiki iliyopita umenifundisha, na wiki ile nyingine."

"Hata hivyo."

Hapo nikapandisha. "Mzee, huu ni mchanga na haya ni mawe! Huchagui mke hapa!"

Nyangumi akaona aokoe jahazi. "Kwani mke ulimchagua kwa muda gani, mzee?"

"Dakika mbili," mume wangu akasema. "Na enzi hizo nilikuwa naona."

Tukacheka, hata yeye. Kicheko kikakatika haraka, akarudi kwenye karai kutafuta kasoro.

Nikaegemea ukuta. Nyangumi akaenda kwenye pipa la buluu, akachota jagi la maji, akawa anapita tangi kwa tangi kujazia yaliyopungua. Mimi, kwa kutaka tu kusema kitu, nikamwuliza, "Hayo umekwisha kuyakoroga chumvi?"

"Ayatie nani chumvi, mama? Haya ni maji matupu, yamechujwa tu."

"Lakini samaki ni wa baharini."

"Sasa? Maji ndiyo yanayokauka, chumvi haikauki, inabaki humo humo. Unarudisha kile kilichoondoka. Ukiwa unaongeza ya chumvi kila siku, si utawakausha kama ng'onda? Miezi miwili humkuti hata mmoja." Akaendelea na jagi lake wala hakunitazama.

Nikakumbuka. Siku ile gari la wagonjwa linamchukua, mume wangu alinishika kanga akaniambia, "Maji ya tangi yakipungua, ongeza." Hakusema yapi. Mimi nilikuwa nimemwona kila Jumapili akikoroga ndoo kwa ile chumvi yake ya pakiti, wakati wa kubadilisha maji. Hilo jagi la asubuhi sikuwahi kuliona, kumbe alikuwa anajazia kabla sijaamka. Kwa hiyo nikakoroga. Siku hamsini na tisa, kila asubuhi kabla ya kwenda hospitali, ndoo kutoka bomba la uani, chumvi, mwiko, napanda nayo ngazi na huu mgongo wangu. Na kadiri walivyokufa ndivyo nilivyozidi kuwaongezea, nikidhani chumvi haiwatoshi.

Nyangumi alikwisha kufika tangi la mwisho. Mume wangu alikuwa amerudi kwenye beseni la kati. Akauchota tena, akautia siki tena, ukachemka tena.

"Mzuri," akasema polepole. Kisha akaurudisha wote, akakung'uta vidole. "Lakini hata ule nilidhani ni mzuri. Siuamini mkono wangu, Mama. Twende zetu. Tangi mpe mtu."

Nikaona kumbe hata angeletewa mchanga wa peponi angeukataa. Na sitawadanganya, nilifikiria kunyamaza. Ningenyamaza, tangi lingetoka, nisingebeba ndoo tena maisha yangu yote. Yeye angelala, na mimi ningekaa. Mnajua nilivyokuwa natamani kukaa? Nikaona aibu, na aibu hiyo ilikuwa nzito kuliko uchovu.

"Mzee, si mchanga."

"Nini si mchanga?"

"Kilichowaua. Ni mimi."

Nikamwambia yote, nimesimama, mkoba bado begani. Ndoo, chumvi, kila asubuhi. Nyangumi alisikia, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi stoo.

Mume wangu akakaza uso. "Ya chumvi," akasema. "Kila siku."

"Kila siku."

"Mbona hukuuliza?"

"Nimwulize nani? Wewe ulikuwa huna fahamu."

"Nilipozinduka je?"

"Ulipozinduka huoni, Mzee. Nije nikuulize habari za maji? Nilijua nafanya sawa. Nimejua leo, sasa hivi, hapa nilipoegemea."

Akapiga meza kwa kiganja, mchanga ukaruka. "Miezi mitano! Miezi mitano nimelala naitazama dari nisiyoiona, najiita muuaji. Nimegawa bisibisi zangu! Kwa jagi la maji ya kunywa!"

"Najua."

"Hujui!"

"Basi sijui." Nikaanza kulia, na wala sikugeuka pembeni. Angeona nini?

Fundi cherehani upande wa pili alikuwa anakanyaga mashine yake, anasimama, anakanyaga. Nilingoja aseme nimpeleke nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote.

"Nani alitangulia?" akauliza.

"Vipi?"

"Kufa. Nani alitangulia? Hujanisimulia hata siku moja. Ulisema wamekufa, basi."

Nikafuta pua. Nikamwambia walianza kamba, wale wawili wenye milia, wiki ya tatu. Kisha matumbawe ya zambarau yakajikunja yakawa meupe. Kisha yule samaki mdogo wa buluu, nilimkuta nyuma ya pampu. Konokono walidondoka kwenye kioo usiku mmoja wote. Wale wawili wa rangi ya chungwa walikufa siku mbili tofauti, na yule aliyebaki hakula tena. Nilishangaa mwenyewe kwamba nakumbuka hivyo, siku kwa siku. Alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama, kama anavyosikiliza siki.

"Na yule wa manjano? Mzee mwenzangu?"

Yule wa manjano alikaa naye miaka kumi na moja. Alikuwa akija kula kwenye vidole vyake.

"Wa mwisho. Siku ya hamsini na tisa. Asubuhi nilimkuta amelala ubavu, anahema. Nikashindwa kumwacha peke yake. Nikavuta stuli nikakaa naye mpaka saa sita."

"Saa sita." Akafikiri. "Kuna siku ulinijia hospitali jua limekwisha geuka."

"Ndiyo hiyo."

"Nikakugombeza mbele ya manesi. Nikasema umenitelekeza."

"Ulisema."

"Ukasema ni foleni ya magari."

"Nikasema ni foleni."

Mkono wake ukaanza kutambaa mezani, ukagonga beseni, ukalizunguka, ukanipata kwenye kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa na mchanga, vinakwaruza.

"Umechoka," akasema.

Kwa miezi saba, kila niliyekutana naye barabarani aliniuliza mgonjwa anaendeleaje. Majirani, ndugu zake, binti yangu mwenyewe kila akipiga simu. Hilo neno hakuna aliyekuwa ameniambia, na sikujua kama nilikuwa nalingoja.

Nyangumi akachungulia kutoka stoo kuona kama vita imekwisha. "Mzee, vipi? Nikupimie upi?"

"Usiniulize mimi," mume wangu akasema, hajauachia mkono wangu. "Mwulize mama. Mchanga na mawe, vyote achague yeye."

Nyangumi akanigeukia. Mimi kuchagua mchanga sijui, sijawahi kujua, na machozi yalikuwa hayajanikauka. Nikasema huo wa kati, na lile jiwe la tatu, halafu nikamwomba stuli na mimi nikae.