Mchore Anayeimba

Avelina alikuwa mchoraji wa vibao vya saluni na kuta za migahawa kule Tandika. Siku za kazi alichora vichwa vya wanawake waliosukwa, vinyozi, na sahani za chipsi. Jumapili alichora wanamuziki, na hiyo hakuihesabu kuwa kazi.

Kila Jumapili alasiri, kikundi cha taarabu cha Waridi la Mtongani kilipiga katika ukumbi mmoja wa Temeke. Avelina aliingia na ubao wa plaiwudi, karatasi alizozibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na vipande vya mkaa alivyovichonga kwa wembe. Alichora kwa kasi, maana mpiga ngoma hamsubiri mtu. Akina mama waliokuja na sare zao walishamzoea. Wengine walipokwenda kumtunza mwimbaji noti walijinyonganyonga makusudi mbele yake, wakisema, "Na mie nitie humo, shoga, usinisahau!"

Aliyemchora zaidi ya wote ni Bi Tabu Hija, mwimbaji mkuu. Bi Tabu alipopandisha sauti, mishipa miwili ya shingo ilisimama, kidevu kikaingia ndani, na bega la kushoto likanyanyuka kana kwamba kuna mtu anamnong'oneza. Avelina angeweza kulichora bega lile amefumba macho.

Kisha Bi Tabu akapatwa na kiharusi. Kwa miezi mingi hakuonekana. Siku moja Twaha, mkurugenzi wa kikundi, alishika maiki akawatangazia watu kwamba Bi Tabu amestaafu, anapumzika kwa wanawe, na kijiti amemwachia Raudha.

Raudha alikuwa binti mrefu, mzuri wa sura, aliyekuwa kwenye kundi la waitikiaji. Alipoanza wimbo, ukumbi mzima ulisimama. Sauti ilikuwa ileile ya Bi Tabu. Maneno machache yalitoka mazito kidogo, watu wakadhani ni madaha ya ujana.

"Kamrithisha kweli," walisema, wakaenda kutunza.

Avelina naye akaanza kumchora Raudha, lakini mchoro ukamkataa. Akachana karatasi, akaanza upya, ukamkataa tena. Juma lililofuata ikawa vilevile. Sauti ilikuwa inapanda mpaka kwenye bati, na shingo ya Raudha imelala laini kama ya mtu anayesubiri chai. Mwanzoni Avelina aliulaumu mkono wake. Baadaye akaacha kuulaumu, akahamisha kiti chake hadi pembeni kabisa ya jukwaa, nyuma ya spika, mahali wanapopita wapigaji.

Huko ndiko alikomwona. Nyuma ya pazia jekundu, Bi Tabu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mkono wa kushoto ulishika maiki, wa kulia umelala mapajani. Mdomo umevutwa upande mmoja. Bega limenyanyuka. Anaimba.

Avelina alisubiri bendi ipumzike, akapenya nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba. Ni weye mchoraji?" Bi Tabu alimkazia macho. "Ushaona. Haya, nenda zako, na usiseme."

"Kwa nini wamekuweka huku?"

"Twaha kasema watu hawatoki makwao kuja kuangalia mdomo uliopinda. Kasema ama hapa, ama nyumbani." Alipangusa midomo kwa ncha ya mtandio. "Nyumbani nimekaa. Nimetazama dari mpaka nimeijua. Mie bila kuimba nakufa, mwanangu. Basi nikakubali hapa."

Raudha alikuwa amesimama karibu na ngazi, chupa ya maji mkononi. Alisikia yote. Aliinamisha kichwa.

"Nikuchore?" Avelina aliuliza.

Bi Tabu akaketi sawasawa.

"Nichore. Lakini ukininyoosha huu mdomo kwa kunionea huruma, nitaichana hiyo karatasi kwa mkono huu mmoja. Nilivyo ndivyo nilivyo."

Avelina alichora. Safari hii mkaa ulikwenda wenyewe.

Haukupita muda mrefu Twaha akamwita. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye kofia safi na manukato, na kikundi alikuwa amekilea tangu kikiwa hakina hata kinanda chake chenyewe. Hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Alitaka picha kubwa ya rangi, kwenye turubai, itakayotundikwa nyuma ya jukwaa siku ya sherehe ya kikundi. Wapigaji wote wawemo, na mwimbaji awe katikati.

"Mwimbaji nimchore vipi?" Avelina aliuliza.

"Dada Avelina, wewe unatuchoraga kila wiki, nikufundishe nini? Mchore anayeimba."

"Nimchore anayeimba."

"Ndiyo. Picha za Raudha nitakutumia kwenye simu."

"Sizihitaji, kaka Twaha. Mimi huchora ninachokiona."

Twaha alicheka, akampigapiga begani. Hakuelewa kwamba ameambiwa ukweli mtupu.

Avelina alitandika turubai uani kwa dada yake Genoveva, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Genoveva alipoiona sura ya katikati ikitokea, aliweka chini madaftari aliyokuwa anasahihisha.

"Huyu si yule binti."

"Si yeye."

"Twaha atakufukuza pale ukumbini. Tena anajuana na kila mwenye ukumbi hapa Temeke. Utakosa pa kuchorea."

"Nimejua shingo ya nani inaimba, dada. Sasa nikae nichore shingo ya mtu mwingine? Basi si bora nirudi kwenye sahani za chipsi moja kwa moja?"

Kesho yake Genoveva alipotoka shuleni alimletea kopo la rangi nyekundu, akaliacha mlangoni.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa kabla ya alasiri kwisha. Avelina aliileta picha ikiwa tayari imefunikwa shuka jeupe, ikatundikwa hivyohivyo. Twaha alihutubia, akashukuru, akamtaja Raudha, kisha akavuta shuka.

Wapigaji walikuwepo wote: wa kinanda, wa gitaa la besi, wa ngoma, kila mmoja mkono wake ukiwa kwenye chombo chake. Katikati alikuwapo Bi Tabu, kwenye kiti cha plastiki, mdomo umepinda, mishipa ya shingo imesimama. Pazia jekundu lilikuwa limefunguliwa nyuma yake. Pembeni alisimama Raudha, mdomo umefungwa, anamsikiliza.

Minong'ono ikaanza kutoka meza za mbele na kuenea hadi mlangoni.

"Funika," Twaha alimwambia Avelina kwa sauti ya chini.

"Sifuniki."

"Nimesema funika! Umetumwa na nani kunidhalilisha?"

"Uliniambia nimchore anayeimba. Ndiye huyo." Avelina alisimama mbele ya turubai, mikono kifuani. "Ukitaka kuifunika, utanisogeza mwenyewe, mbele ya hawa wote."

Twaha alimtazama, akawatazama akina mama, wengine wameshatoa simu wanarekodi. Akamgeukia mpiga kinanda, akampa ishara aanze. Alidhani wimbo ungewasahaulisha watu. Kinanda kikaanza, ngoma ikaingia, na Raudha akasogea katikati kama kawaida yake. Akainua maiki.

Sauti ilitoka. Raudha hakufungua mdomo.

Alisimama tu, akiwatazama watu, midomo imebanwa. Kisha akaishusha maiki polepole hadi kiunoni. Sauti ikaendelea kuujaza ukumbi, nzito, ya mtu mzima, na haikuwa na mwenyewe jukwaani.

"Raudha!" Twaha alifoka.

"Nimechoka, bosi," Raudha alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata mama yangu anajisifu mtaani kwa sauti isiyo yangu."

Akaenda kwenye pazia, akalivuta hadi mwisho.

Bi Tabu hakukatisha ubeti. Aliumaliza. Kisha akajiinua kwa kushika mgongo wa kiti, akiuburuta mguu mmoja, na Raudha akampa bega. Wakaja hadi mbele. Kuna vijana wawili waliocheka pale mlangoni, na mzee mmoja akaondoka akinung'unika kwamba ameibiwa. Lakini kutoka meza ya katikati mama mmoja mnene, mwenye sare ya zambarau, alipanda jukwaani bila kuitwa, akamfunga Bi Tabu khanga yake mabegani.

"Tuimbie hivyohivyo!" alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Mie nilikuja kusikiliza, sikuja kuposa!"

Ukumbi ulilipuka. Bi Tabu alisubiri vigelegele vipungue.

"Nyie mliambiwa nimestaafu," alisema, maneno yakitoka mazito. "Mie sijastaafu. Kupinda nimepinda. Kustaafu, bado."

Na akaimba, akina mama wakimzunguka, na Avelina amekaa chini palepale chini ya picha yake, anachora kama mwenye wazimu.

Twaha hakusamehe. Kesho yake aliwaondoa kikundini Bi Tabu na Raudha, na turubai, kwa kuwa ilikuwa mali yake, akaipaka chokaa sura ya katikati. Aliwapigia simu wenye kumbi wote anaowajua akawaambia yule mchoraji asiingizwe. Genoveva alikuwa amebashiri sawasawa, na kwa wiki kadhaa Avelina alirudishwa milangoni. Mlinzi mmoja alimwambia kuchora kumepigwa marufuku. Avelina alimwuliza palipoandikwa. Hapakuwa na palipoandikwa. Akakaa nje, upande wa pili wa barabara, akachora wapigaji wakishusha vyombo kutoka kwenye gari. Jumapili iliyofuata akarudi tena.

Mpiga kinanda ndiye aliyehama wa kwanza, kisha wa ngoma. Walikwenda Tabata, kwenye baa yenye uwanja wazi ambayo mwenyewe hakumwogopa Twaha, wakamwita Bi Tabu. Raudha aliwafuata. Aliitikia, na sauti yake mwenyewe, ndogo na yenye mikwaruzo, ilianza kusikika. Haikuwa ya ajabu, lakini aliitoa akiwa ameinua kichwa.

Avelina alichora picha nyingine, kubwa kuliko ile, moja kwa moja kwenye ukuta wa uwanja ule. Safari hii alitumia rangi ya nyumba, isiyotoka hata kwa mvua. Bi Tabu aliletwa kuiona kabla ya onyesho. Aliitazama kwa muda mrefu, fimbo mkononi, akausogelea ukuta hadi pua ikakaribia kuugusa.

"Mdomo umeupata," alisema. "Shingo umeipata. Hizi hereni umezitoa wapi? Mie sivaagi za duara."

"Nitazibadilisha, Bi Tabu."

"Zibadilishe sasa hivi. Watu wanaingia."

Avelina alipanda ngazi na brashi yake, na chini yake wapigaji wakaanza kupima sauti.