Aliyeshusha Gitaa la Chozi

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili usije ukadai nilikuficha. Wengine wana wivu wa mapenzi, wengine wa mali. Wangu ni wa gitaa, tena gitaa la mtu mmoja tu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye watu wote wanamwita Chozi.

Jina hilo alilipata ukumbini akiwa na miaka ishirini na miwili. Alipiga solo yake, mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa leso akajifuta macho, na kesho yake magazeti yote ni Chozi, Chozi, Chozi. Nilikuwepo. Yule mama alikuwa na mafua. Lakini nenda kamwambie mtu.

Mimi naitwa Nguzo kwa sababu napiga besi, na wenzangu walikuwa wakisema besi ndiyo nguzo ya nyumba. Mwanzoni nilivimba kichwa. Baadaye nikajiuliza, hivi ni nani aliyewahi kuingia nyumba ya watu akasimama kuisifu nguzo? Hata mke wangu, mama wa wanangu, akiosha vyombo anaimba gitaa la kaka yake, tii-ri-ri, tii-ri-ri, mpaka sufuria ya mwisho. Besi hajaiimba hata siku moja.

Kundi letu liliitwa Vigogo. Wakati ule roki ilikuwa imewashika vijana, na kila mtaa ulikuwa na bendi yake na mashabiki wake, na mashabiki wakikutana ni chupa kuruka. Mwenye ukumbi mmoja akaja na wazo: achukue mmoja aliye bora kutoka kila bendi, wanne kwa jumla, awe na kundi moja lisilo na mfano. Akamchukua Honi, mwanamke aliyekuwa akiimba mpaka vioo vinatetemeka, hata umeme ukikatika watu wa nyuma hawajui. Akamchukua Ngurumo kwenye ngoma. Akamchukua Chozi. Akanichukua na mimi. Wenzangu wa bendi ya zamani niliowaacha kwenye mataa hawajanisalimia mpaka leo, na sisemi wamekosea.

Magazeti yalipiga kelele. Wenyewe tulikuwa kama timu ya mpira yenye washambuliaji wanne: kila mmoja anataka kufunga, pasi hatoi mtu. Siku ya kwanza ya mazoezi tuligombana kutwa nzima juu ya tangazo, jina la nani liwe juu. Mwisho tukakubaliana majina yaandikwe kwa duara, maana duara halina wa kwanza wala wa mwisho. Tukapeana mikono, tukasifiana busara. Loo! Duara lina juu yake pindi tu linapobandikwa ukutani, na matangazo yote mia tatu yalibandikwa Chozi akiwa juu na mimi nikiwa chini kabisa, kichwa chini, miguu juu. Asubuhi ile nilizunguka mjini na gundi na brashi, nikayabandua na kuyageuza moja baada ya lingine. Nilifikisha arobaini na sita kabla sijakutana na Honi kwenye kona, naye ana gundi yake.

Tulidumu miezi kumi na minne. Maonyesho saba, santuri moja, basi. Honi na Ngurumo waliacha kusemeshana kwa sababu ya mapigo matatu ya ngoma ambayo Honi alisema yamemkalia juu ya neno, na Ngurumo akasema neno ndilo limekalia ngoma. Kundi likafa. Ajabu ni kwamba santuri ile haikufa. Ilizidi kupendwa tulivyozidi kuchukiana, hasa wimbo mmoja, "Taa ya Ngazini".

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapokiri.

"Taa ya Ngazini" aliutunga Chozi. Katikati yake aliweka solo ndefu, na tulipokuwa tukiipiga ukumbini watu walikuwa wakiisubiri kwa kushikana mikono. Studio ilikuwa ghorofani juu ya duka la magodoro. Tulikuwa tumeshamaliza kurekodi, kila chombo kiko kwenye kanda, imebaki fundi mitambo kuchanganya sauti. Alikuwa na meza kubwa ya vitufe vya kuteleza, kila chombo na kitufe chake. Ukikisukuma juu, chombo kinapaa. Ukikivuta chini, kinazama. Asubuhi nzima alikuwa akivipanga, na gitaa la shemeji lilikuwa limepaa mpaka linagusa dari, na besi yangu iko huko chini unaisikia kwa imani tu.

Saa saba wote wakatoka kwenda kula. Mimi nikajishika tumbo. "Nendeni," nikasema, "leo tumbo haliko sawa."

"Pole, shemeji," Chozi akaniambia, akanipiga begani. "Nikuletee chai ya rangi?"

Ile huruma yake iliniudhi zaidi. Mlango ulipofungwa nilikwenda kwenye meza ya fundi, nikatafuta kitufe kilichoandikwa GITAA, nikakivuta chini upana wa vidole viwili. Changu sikukipandisha; si mjinga mimi, ningejulikana. Nilikishusha chake tu. Moyo ulinidunda kama wa mwizi wa kuku. Waliporudi ikabidi niendelee kuugua, na uongo wangu mwenyewe ukanirudisha nyumbani nikalale na chupa ya maji ya moto tumboni, huku fundi akitoa kanda ya mwisho mimi sipo.

Nilipoisikia santuri nilikaribia kulia, kwa raha kwanza. Gitaa lilikuwa chini! Lilikuwa linatoka mbali, kama la mtu anayepiga chumba cha pili na mlango umerudishiwa. Na besi yangu, jamani, besi yangu inatembea katikati ya wimbo kwa miguu yake yenyewe, tum, tum, unaisikia kila hatua. Nikasema, leo Nguzo nimeonekana.

Thubutu! Wakaanza wachambuzi. Mmoja aliandika: "Ni mpiga gitaa gani mwingine, mwenye kipaji kama hiki, angekuwa na unyenyekevu wa kujirudisha nyuma hivi?" Mwingine akasema kunong'ona kwa gitaa lile ndiko kulikobadilisha roki yetu. Vijana wa mitaani wakaanza kupiga chinichini, eti mtindo wa Chozi. Chuo kimoja cha muziki kikamwita akafundishe adabu ya gitaa. Adabu ya gitaa! Ile adabu niliivuta mimi, kwa kidole hiki hapa!

Miaka thelathini nimeimeza hiyo. Niseme nini? Nikisema ni mimi, nitaulizwa kwa nini, na jibu lake ni kijicho. Nikinyamaza, sifa zinakwenda kwake. Nilikuwa nikisoma gazeti mezani roho inaniuma, mke wangu ananiangalia, ananiambia, "Baba watoto, kula basi." Sili.

Mwaka huu wakaamua kuitoa upya ile santuri, na ndani yake kiwekwe kijitabu chenye historia ya Vigogo. Mwandishi, dada mmoja mpole mwenye daftari, akatualika Jumanne saa nne asubuhi kwenye studio ileile. Ngurumo ameshafariki. Honi alisema kwamba yeye atajibu kwa simu, chumba kimoja na sisi hakai. Tukabaki mimi, Chozi na fundi mitambo, ambaye siku hizi anatembelea fimbo lakini masikio yake bado yanasikia panya wa ghorofa ya chini.

Nilipokuwa nafunga viatu, mke wangu akasimama mlangoni. "Ukifika huko usianze."

"Nianze nini?"

"Unajua."

Nilijua, na nilikuwa nimeshaamua. Kile kijitabu kitasomwa tukiwa wote kaburini. Bora niandikwe mwenye wivu aliyeutengeneza wimbo kuliko nisiandikwe kabisa. Jambo moja tu katika historia nzima ya Vigogo lilikuwa langu peke yangu, na nilikuwa nakwenda kulichukua, hata kama lina aibu juu yake.

Tulimkuta fundi ameshaweka kanda. Chozi alikuwa amekaa kwenye kochi lililochanika, shati limepigwa pasi, amezeeka vizuri, hata uzee umempendelea. "Karibu, shemeji. Tumbo linaendeleaje?" akasema, akacheka. Nikadhani ni utani wa bure.

Wimbo ukapigwa. Ulipokwisha, dada mwandishi akafumbua macho, akamgeukia Chozi. Kwake, si kwangu. "Mzee Chozi, swali ambalo kila mtu anauliza. Ulipata wapi moyo wa kulishusha gitaa lako?"

Chozi akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Hakulishusha yeye," nikasema. "Nililishusha mimi."

Kalamu ya dada ikasimama. Nikaona nikipumua tu nitashindwa kuendelea, basi nikamwaga yote kwa mkupuo: tumbo la uongo, vidole viwili, kila kitu. "Nilikuwa na wivu," nikasema, na sauti ilinitoka juu kuliko nilivyotaka. "Nilikuwa nao na bado ninao. Lakini ule mnong'ono mnaousifu miaka yote, wa kwangu! Andika hivyo, dada. Andika Nguzo."

Nilimtazama Chozi nikitegemea atafura. Alikuwa anamtazama fundi. Fundi akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi, akajikongoja mpaka kwenye rafu, akarudi na boksi la kanda lililopauka.

"Ninyi wanamuziki," akasema, "mnadhani fundi anakwenda kula aache meza yake hivihivi?" Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na utepe mrefu wa karatasi ya kunata, umejaa alama za penseli. "Kila nikitoka, natia alama pale kila kitufe kilipo. Mpaka leo. Mtoto akigusa, paka akipita, mimi nikirudi najua. Siku ile nikarudi nikakuta gitaa liko chini ya alama yake, vidole viwili. Nikalirudisha juu."

"Ulilirudisha?" nikasema.

"Nililirudisha, nikaupiga wimbo tuusikilize. Kelele tupu, gitaa linafoka. Chozi alikuwa kakaa palepale alipo sasa. Akaniuliza, kwani kabla hujagusa kilikuwa wapi kitufe changu? Nikamwonyesha. Akasema, hebu kirudishe huko tusikie." Akanipa ule utepe. Kwenye GITAA kulikuwa na alama mbili. Ya juu imekatwa. Pembeni ya ile ya chini, kwa mwandiko wa fundi wa ujanani, imeandikwa: *Chozi kasema iwe hapa.*

Miaka thelathini nimelinda siri ambayo wenzangu waliimaliza siku ileile kabla chai haijapoa.

"Ulijua ni mimi?" nikamuuliza.

"Ningekosa kujua vipi, shemeji? Aliyebaki ndani alikuwa mmoja tu, tena mwenye tumbo."

"Ukaacha kwa kunionea huruma."

"Wapi!" Akakunja uso kwa mara ya kwanza. "Wimbo ni wangu, niuharibu kwa huruma? Niliacha kwa sababu ilikuwa nzuri zaidi. Mimi nilikuwa najisikia mwenyewe tu, asubuhi nzima siisikii besi. Ulipolishusha ndipo nikaisikia. Roho yako ilikuwa mbaya siku ile, shemeji, lakini sikio lako lilikuwa zima." Akatazama mikono yake. "Kila mwaka nilikuwa nasubiri uniambie. Hukuniambia, na mimi nikaona nikikuanza nitakuaibisha mbele ya mkeo, dada yangu."

Ningefurahi akinitukana. Tusi ningelijibu, nilikuja nimejiandaa na yangu ya kutosha. Hilo la kwamba sikio langu lilikuwa zima ndilo nililolingoja maisha yangu yote, na sasa nimelipata, limetoka kinywani mwake, kwa upole, kama mtu anayekukatia kipande cha mkate wake. Macho yaliniwasha. Nikamwambia fundi kuna vumbi humu ndani.

Dada mwandishi akakohoa kidogo. "Sasa wazee wangu, niandike wazo lilikuwa la nani?"

"La kwake," Chozi akajibu kabla sijapumua, akaninyooshea kidole. "Andika Nguzo. Andika waziwazi."

Dada akainama akaandika. Mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, nikasogea, nikachungulia juu ya bega lake nilione jina langu. Lilikuwepo, limeandikwa vizuri kabisa, mwisho wa sentensi. Sentensi yenyewe ilianza hivi: "Chozi anasema..."