Pumzi Iliyobaki Kwenye Klachi

Jumanne moja ya Machi 1997, saa nne asubuhi, Radjabu alikuwa amekaa juu ya rimu ya lori mbele ya karakana yake, avenyu ya tisa, Buyenzi, akikata mpira wa klachi kutoka kwenye kipande cha tairi kuukuu. Alikuwa na bomba la chuma alilolinoa mdomo. Aliligonga kwa nyundo mara moja, kikatoka kiduara, akakifunga kwenye drili na kukizungusha juu ya msasa mpaka kikapata ukingo mwembamba wa kuzuia mafuta yasivuje. Vipuri havikuwa vimeingia tangu Julai, maana nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka ili kuwaadhibu wakubwa waliopindua serikali, na wakubwa hao wakawa wa mwisho kuadhibika. Mafuta ya breki nayo aliyachanganya mwenyewe: nusu mafuta ya mbarika, nusu kanyanga, ile pombe kali inayopikwa milimani. Imamu alishamwona mara mbili akirudi na chupa ya kanyanga kwapani. Mara ya pili Radjabu alifungua boneti ya gari la imamu mwenyewe, akamwonyesha inakokwenda, na maneno yakaishia hapo.

Saa hiyo ndipo ilipoingia Peugeot 404 ya rangi ya samawati, ikirukaruka kwenye gia ya kwanza, ikazimika yenyewe mlangoni. Akashuka Hyacinthe, mtu wa ofisi, wa Mutanga Sud, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono.

"Ambreyaji imekufa, fundi," alisema. "Minakanyaga pedali, inaenda chini tu, kama hakuna kitu."

Radjabu alilala chali chini ya gari. Klachi ya gari hilo husukumwa na mafuta: silinda moja iko juu kwenye pedali, nyingine chini kwenye giaboksi, na kati yao bomba jembamba. Kutoka silinda ya chini hutokeza fimbo fupi. Fimbo aliyoiona ilikuwa imechongwa kutoka kwenye valvu ya injini ya lori, ikiwa na alama tatu za tupa. Aliichonga yeye, mwaka 1992. Wakati huo gari lilikuwa jeupe, na mwenyewe alikuwa Zénon, mwalimu wa jiografia, mkazi wa Mutanga Nord. Siku moja mwaka 1995, siku ambayo vijana walikuwa wameifunga mitaa kwa mawe na matairi yanayowaka, wakichagua nani apite na nani asipite, Zénon alitoka kutafuta mkate. Hakurudi yeye, halikurudi gari. Sasa gari lilikuwa na rangi mpya na karatasi zenye mihuri miwili.

Radjabu alibaki chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akafanya kama walivyofanya wote miaka hiyo. Mdomo huponza kichwa, na chake kilikuwa kimoja.

"Iko na hewa ndani, patron," alisema. "Mupira umekwisha, inavuta hewa. Tutaweka mupya, halafu tuitoe."

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani akikanyaga pedali, mwingine huwa chini akifungua na kufunga nati ya silinda. Kwenye nati huchomekwa mpira mwembamba, na ncha yake ya pili huzamishwa kwenye chupa yenye mafuta, ili hewa itoke kwa mapovu na isirudi. Hyacinthe alipanda, akavua saa ili isikwaruze usukani.

"Kanyaga. Shikilia. Achilia."

Povu la kwanza lilipanda kwenye chupa ya Fanta, likapasuka juu, na sauti ya Mwalimu Zénon ikasema: "Nimesahau mkate."

"Nani anataka mukate?" Hyacinthe aliuliza.

"Ni hewa tu, patron."

"Haya. Fanya haraka, niko na kikao."

Wala si kwamba mtu huyu alikuwa kiziwi au mjinga. Mwaka ule kwenye karakana za Buyenzi kulisikika mengi. Byamungu, mchomeleaji wa jirani, alikuwa na tangi la basi lililolia kila alipoligusa kwa moto, naye alilichomelea hivyo hivyo mpaka likanyamaza. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na watu walikuwa wamechoka kustaajabu.

Pedali ilipokuwa ngumu kidogo Hyacinthe aliondoka, ingawa Radjabu alijua kuwa hewa nyingine imejificha kwenye kona ya juu ya bomba. Alikaa tena juu ya rimu yake akawaza, na jambo likamjia wazi. Mtu akisimamishwa kwenye kizuizi hazimi gari. Hukanyaga klachi, huacha gia ndani, hungoja aambiwe pita. Zénon alingoja hivyo hadi pumzi yake ikaenda ilikokwenda mguu, chini ndani ya klachi.

Jioni alipanda baiskeli hadi Mutanga Nord. Consolée, mke wa Zénon, alimfungulia akiwa na kijiko cha kupikia mkononi. Miaka miwili alikuwa si mke wala mjane. Kwao msiba una mwisho wake: iko siku ya kuganduka, ukoo hukutana, pombe hunywewa, na mjane huambiwa rudi sasa kwenye maisha. Lakini wakwe walikataa kuipanga siku hiyo. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna hata mtu aliyesema nilimwona akianguka. Wataganduka kwa nani? Kwa hiyo alikaa tu, na suruali za mumewe alizifua kila mwezi kwa sababu ya vumbi.

Radjabu alimweleza yote bila kupunguza.

"Alisema nini?" Consolée aliuliza.

"Alisema amesahau mukate."

"Ni yeye," alisema, akageuka kwenda kutazama maharage yake.

Kisha akarudi. "Muulize wapi alipo."

"Haulizwi, mama. Anasema tu ile iliyobaki. Lakini ile gari nitairudisha. Njoo Jumanne, uniwekee muguu kwenye pedali."

Mara ya kwanza hewa iliyobaki ilitosha kulirudisha gari; ili liendelee kurudi, Radjabu alisaga kila mpira uliofuata ukawa mdogo kwa unene wa karatasi. Kwa wiki moja ungeshika, kisha ungevuta hewa. Aliona haya kuliko alivyopata kuona haya maishani. Kwa fundi, kuharibu kazi makusudi ni kujitemea mate usoni, na aliufanya uharibifu huo kwa uangalifu wote aliofundishwa na baba yake.

Hyacinthe alirudi kila Jumanne, analalamika, anavuka barabara kunywa chai kwa Mwanasiti. Radjabu alimwambia kuwa mwanamke kwenye usukani ni shemeji yake, na Hyacinthe hakumtazama mara mbili. Consolée alivua kiatu kwanza. Pedali ilikuwa imelika upande wa kushoto kwa kisigino cha mumewe, na mguu wake ulikaa hapo hapo.

Jumanne ya pili pumzi ilisema, kama darasani, "Siku hizi inaitwa Burkina Faso, futa." Ya tatu ikasema, "Adélaïde, vaa viatu kwanza." Adélaïde alikuwa binti yao. Consolée alilia huku mguu wake uko kazini. Radjabu chini akasema kanyaga, akakanyaga, akasema achilia, akaachilia. Jumanne ya nne zilitoka sentensi mbili. "Bonjour, chef. Kitambulisho hiki hapa." Basi wakajua wamefika kwenye kizuizi.

Jumanne ya tano mvua ilinyesha tangu alfajiri na mkaa wa Mwanasiti ulilowa. Chai hakuna. Hyacinthe alibaki karakanani, amesimama kando ya madigadi ya gari na mwavuli wake. Gendarme mmoja, askari wa serikali, naye alikuwa amejibanza ukutani kujikinga mvua.

"Leo imalizike," Hyacinthe alisema. "Ikirudi tena, minaipeleka kwa mwingine."

Radjabu aliweka mpira mzuri, wa kipimo kamili. Hakuwa na njia nyingine. Gari likienda kwa mwingine, hewa ingemwagika kwenye mchanga asisikie mtu.

"Kanyaga. Shikilia."

"Hyacinthe," lilisema povu.

Consolée hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani.

"Kanyaga."

"Hyacinthe, ni mimi. Si ndimi ninayemfundisha Loïc wako?"

"Loïc alifaulu," alisema Hyacinthe chini ya mwavuli. "Iko lycée sasa."

"Achilia. Kanyaga tena, mama."

Povu hili lilikuwa kubwa. Lilipanda polepole. "Mbona tunashuka Ruziba?" liliuliza, kwa ile sauti ya mtu aliyechora ramani ubaoni miaka kumi na minane. "Kule kwenye shimo la matofali njia inaishia."

Likafuata dogo, ambalo halikuwa na neno. Lilikuwa hewa tu. Baada yake mafuta yalitoka safi, na pedali ikawa ngumu kama inavyotakiwa.

"Imeisha?" aliuliza Hyacinthe.

"Imeisha."

"Lile shimo tulilifukia," alisema akikunja mwavuli. "Nimejenga pale. Nyumba ndogo za kupangisha. Ile ya nyuma haijapata mutu bado."

Radjabu alikuwa na spana mkononi. Alimchukia mtu yule kwa chuki nzima isiyo na ufa, na akajichukia zaidi, kwa sababu aliipangusa spana kwa kitambaa na kuirudisha sandukuni. Gendarme alikuwa amesikia kila kitu. Aliuliza kama fundi anaweza kumtazamia pikipiki, inamsumbua gia ya pili.

"Mama, shuka," Hyacinthe alisema. "Nimechelewa."

Consolée alivaa kiatu chake, akashuka.

"Ile ya nyuma," alisema. "Chini ni udongo?"

"Apana, mama. Ni beton, zege safi kabisa."

Mwezi wa Mei Consolée alihamia ile nyumba ya nyuma, Ruziba, na binti yake na vyombo vyake, wakiwa wapangaji wa Hyacinthe. Wakwe walikuja kupaona, wakasimama mlangoni, wakapima kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta, na wakaridhika kuwa kaburi limepatikana. Siku ya kuganduka ilipangwa Jumamosi ya pili ya Julai.

Radjabu alialikwa, akakaa kwenye benchi na chupa yake ya Fanta kwa sababu pombe haimhusu. Watu walikuwa wamevaa vizuri. Mkwe mkubwa alikuwa ameanza kusema habari za marehemu, elimu yake na upole wake, pale gari lilipoingia uani. Hyacinthe alikuwa amekuja kuchukua pango la nyumba za mbele. Alitoka gia ya tatu hadi ya pili kwenye kona ya lango na hakuna chuma kilichosikika kugusa chuma. Radjabu alisikiliza hata bila kutaka. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kutengeneza klachi nzuri kama ile.

Mkwe mkubwa alikatiza hadi injini ilipozimwa, kwa adabu, kisha akamaliza hotuba. Alimwambia Consolée arudi sasa kwenye maisha, akampa kibuyu. Consolée alipiga magoti katikati ya chumba, akamimina pombe ya mtama chini kwa ajili ya mumewe, kidogo kidogo kama inavyotakiwa.

Zege halikunywa. Pombe ilisimama hapo, ikatambaa kuelekea kwenye viatu vya wageni. Consolée alingoja kidogo. Halafu alichukua kitambaa akaipangusa yote, maana mwenye nyumba alikuwa ameshasema hataki madoa.