Tundu la Tatu la Mkanda

Nyuma ya chumba cha eksirei cha hospitali kulikuwa na karakana ndogo, na humo Fundi alitengeneza mikanda ya mgongo: turubai gumu, vyuma viwili vya kupinda, ngozi yenye matundu na kifungo. Miaka kumi na tisa alikuwa akiijua migongo ya watu kama kinyozi anavyovijua vichwa. Mgongo uliomtia adabu ulikuwa wa dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, yeye aliacha shule akaenda kufua mashuka ya hoteli ili kitindamimba asome. Sasa alikuwa na miaka sitini na minne, mjane, mdomo mkali. Asubuhi moja aliinama kuokota ndoo, akasikia kitu kikibonyea mgongoni.

"Ndoo tupu, Kitinda," alimwambia Fundi. "Ingekuwa imejaa ningesema nimejitakia."

Picha ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea upande wa mbele. Daktari wa mifupa, binti asiyependa kupoteza maneno, alieleza kwamba mifupa ya mama wa umri ule huwa imepungua nguvu. Atampa dawa, avae mkanda, warudi baada ya miezi mitatu.

"Hutachukua kinyama cha mfupa kikapimwe?" Fundi aliuliza.

"Nikimchoma sindano ya mfupa kila mama aliyebonyea pingili nitawatesa wengi bure. Wengi wao ni umri tu. Lakini nikiona pingili ya pili, au maumivu yasiyotulia akilala, au anakonda, hapo sitasubiri. Ukiona lolote kati ya hayo, niambie."

Yalikuwa maneno ya haki, na Fundi aliyaelewa vizuri.

Wiki ya tatu dada alirudi karakanani, mkanda unacheza kiunoni. Fundi akakaza tundu moja. Wiki ya sita akakaza la pili. Alijiambia turubai limetanuka, ingawa turubai lake halikuwahi kutanuka kwa mtu yeyote.

"Unalala, dada?"

"Nalala nimekaa."

"Kwa nini umekaa?"

"Nikijinyoosha panawaka moto. Kaza huo mkanda, una maswali kama karani wa mahakama."

Akakaza. Chumba cha daktari kilikuwa hatua arobaini kutoka pale, na hakwenda. Alifunika kombe mwanaharamu apite. Jioni alikula vizuri, akacheka na mkewe, na moyoni alijua anachokifanya.

Wiki ya tisa, alipofikia tundu la tatu, vidole vyake viligusa mbavu. Alimwacha dada kwenye benchi, akaenda kumgongea daktari, akasema yote.

Daktari aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tatu."

"Na hukuja."

"Sikuja."

Siku hiyohiyo dada alipigwa picha nyingine. Pingili ya juu yake nayo ilikuwa imebonyea, na ukuta wake wa nyuma umevimba kuelekea kwenye mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Damu ilikuwa imepungua sana. Daktari alisema sasa sindano haina mjadala, ila mwenye mgongo akubali. Mwenye mgongo hakukubali.

"Mkishaujua ugonjwa huu kwa jina, mtautoa?" dada aliuliza.

"Sijui, mama. Ikiwa ni kifua kikuu cha mfupa, kina dawa yake na kinapona. Ikiwa ni saratani, ziko zinazosikia dawa na ziko viziwi. Bila kinyama nitakuwa napapasa gizani."

"Na ikiwa ni uzee tu?"

"Nitakuomba radhi kwa kukuchoma."

Dada alimgeukia mdogo wake. "Wewe unasemaje?"

"Mkanda ulianza kulegea siku nyingi. Nilijua maana yake, nikaogopa kusema."

"Nami sketi zilikuwa zinanidondoka, nikazitia pini usizione." Akaanza kufungua kifungo cha mkanda. "Tumefichana, mtu na nduguye. Haya, nichomeni."

Alilazwa kifudifudi chini ya mashine ya eksirei. Sindano ilikuwa nene kama msumari, na ilipoingia mfupani ilitoa mlio kama wa kusaga kokoto. Fundi alisimama miguuni pake amevaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi. Dada hakulia. Aliuliza mara moja tu kama wamefika upande wa pili.

Daktari aliomba majibu yaharakishwe. Yalikuja siku ya tano, lakini siku ya nne dada alishindwa kuinuka kwenye kiti. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Majibu yalisema ni saratani ya uboho, inayokula mifupa kutoka ndani. Akaanzishiwa mionzi na dawa jioni ya siku hiyo ya tano.

Ukumbini daktari alimwambia Fundi bila kumtazama, "Ningemchoma siku ya kwanza, pengine angekuwa anatembea."

"Ningekuja wiki ya tatu, pengine pia."

Hakuna aliyemfariji mwenzake. Kila mmoja akarudi kazini.

Saratani ilisikia dawa. Moto wa mgongoni ulizimika, dada akaweza kulala akiwa amejinyoosha, akanenepa kidogo na mdomo ukarudia ukali wake. Miguu haikurudi. Fundi alimhamishia kwake, akajifunza kumgeuza kila baada ya saa chache, kumwogesha, kumkagua vidonda vya kulala. Mara ya kwanza alipomwogesha, dada alifumba macho muda wote, na baadaye akasema, "Zamani nilikuogesha wewe, na ulikuwa unapiga mateke. Mimi hata hilo siwezi."

Aliishi miezi kumi. Homa ya mapafu ilimchukua Jumanne asubuhi, Fundi akiwa ametoka kununua sabuni. Aliporudi alimkuta mkewe amesimama mlangoni. Akampa sabuni, akaingia chumbani, akakaa kitandani na kumshika dada mkono ambao bado ulikuwa na joto. Kisha akaenda kuwapigia simu ndugu.